Ujumbe wa Nassor

Siku ya Idi, mbele ya wageni, mjukuu wangu Ruqaya aliniuliza, "Babu, kwani wewe ulikuwa askari wa mkoloni?" Mkononi alikuwa na picha yangu ya zamani, ile niliyovaa kaptula na soksi ndefu, nimesimama ubavuni mwa Kapteni wa Kiingereza. Nilikasirika. Niliweka kikombe cha kahawa chini, nikamwambia hilo si suali la siku ya Idi, nikaenda zangu chumbani. Nilipokaa peke yangu nikaona haya. Mtoto aliuliza vizuri tu. Mimi ndiye niliyekuwa sina jibu lililotimia.

Basi nimechukua daftari. Nakuandikia wewe, Ruqaya, na wenzako mnaovaa sare zilizopigwa pasi na kufanya kazi kwenye vyumba vya viyoyozi. Palipo na kichekesho chekeni, sitakasirika tena. Ila naomba msome mpaka mwisho.

Jibu ni ndiyo. Nchi hii ya Maskati ilikuwa na Sultani wake na bendera yake, lakini kikosi chetu kiliongozwa na Waingereza, bunduki zilikuwa za Kiingereza, hata biskuti ngumu za kopo zilitoka kwao. Waliokufa tulikuwa sisi, na wale wa upande wa pili ambao nao walikuwa watu wa hapa hapa. Mkitaka kuniita askari wa mkoloni, niiteni. Nimekwisha kuitwa mabaya zaidi, tena na wapishi wa kikosi.

Tulikuja Maskati kutoka Unguja baada ya mambo kuharibika kule. Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu. Nikienda sokoni Matrah kununua samaki, muuzaji alikuwa akiwaita wenzake waje kunisikiliza. Mtu akichekwa hivyo kila siku hutafuta mahali ambapo ulimi wake una faida, na siku yule Kapteni wa pichani alipokuja kuandikisha vijana akauliza nani anajua Kiingereza, niliinua mkono haraka. Nassor, rafiki yangu tangu chuoni kwa maalim, aliinua wake kwa sababu mimi nimeinua wangu. Ndivyo alivyokuwa. Nikiruka ukuta anaruka, ingawa yeye alikuwa na akili kunishinda na kwa kawaida alikuwa ameshaona mlango.

Tulifanywa wapiga redio. Msifikirie kitu cha kutia mfukoni. Mtambo ule ulibebwa mgongoni kama mtoto mkubwa asiyetaka kutembea, na betri zake zilikuwa mzigo mwengine. Aliyetufundisha ni Sajini Murad, Mbaluchi mwenye masharubu meupe, aliyewatumikia Waingereza tangu kabla sijazaliwa. Kiarabu chake kilikuwa kibaya kuliko changu, nikampenda kwa hilo kwanza. Baadaye nilimpenda kwa mengine.

Nitawaandikia alivyotufundisha, kwa sababu hakuna tena anayefundisha hivyo. Kabla ya kusema, sikiliza huku unahesabu mpaka thelathini, maana huenda hewani yupo mwenye shida kubwa kuliko yako. Andika unachotaka kusema, kisha futa nusu yake. Asubuhi za baridi mlimani, lala na betri ndani ya blanketi, hata ikikuumiza mbavu, kwa sababu betri ya baridi inakufa mapema. Funga kinywa cha simu ya mtambo kwa kipande cha fulana ili upepo usipige kelele. Waya wa antena si kamba ya kuanikia nguo. Hili la mwisho alilisema kila siku, na kila siku kulikuwa na nguo ya mtu imetundikwa pale.

Na lililo kubwa kuliko yote: ujumbe haujafika mpaka aliyeupokea aujibu. Akishajibu, tazama saa, andika saa hiyo kwenye daftari. Bila jibu huandiki kitu. Nyinyi siku hizi mnatuma maneno kwenye simu, mkiona zile alama mbili za buluu mnaridhika. Sajini Murad asingeridhika.

Nililijua hilo kwa kosa. Wiki yangu ya kwanza niliomba unga kutoka makao makuu, nikasema maneno yangu vizuri kwa sauti ya kiume, nikazima mtambo kabla ya kujibiwa. Tulingoja unga siku tatu. Tulikula tende na biskuti, na watu kumi na wanane hawakunisalimia. Kumbe upande wa pili betri yao ilikuwa imekufa tangu mwanzo. Sajini Murad hakunigombeza. Alisema tu kuwa nimekuwa nikizungumza na upepo, na kwamba upepo haupiki mikate.

Sasa niwaeleze mahali. Ilikuwa milima ya kusini, wakati wa vile vita ambavyo wazee hapa hawapendi kuvizungumza, na wana sababu. Sisi tulikuwa kituo cha juu, penye mawe matupu. Nassor alikuwa kituo cha chini, karibu na chemchemi. Maji yetu yote yalipandishwa kutoka kwao kwa punda, kwa madebe, kila baada ya siku mbili, na kila safari ilikuwa lazima ibadilishe njia na saa ili wasivamiwe. Saa na njia tuliambizana kwa redio, kwa maneno ya siri yaliyoandikwa kwenye karatasi. Karatasi mpya ililetwa kila wiki pamoja na chakula. Ukitaka kusema maji yanakuja asubuhi kwa njia ya bondeni, unatafuta neno moja moja kwenye karatasi, unalisema, mwenzako analitafuta kwenye yake, anakujibu. Nusu saa inakwisha hivyo, na jua linakuchoma kisogo.

Wiki moja mbuzi alikula karatasi yetu. Nasema kweli. Nilikuwa nimeibana kwa jiwe, nikaenda kutawadha, niliporudi mbuzi wa mwenyeji mmoja anamalizia kona. Kapteni ilimbidi awaandikie wakubwa wake barua rasmi ya Kiingereza kueleza kwamba maneno ya siri ya kikosi yameliwa na mbuzi, na alinisomea barua ile kwa sauti, kifungu kwa kifungu, nimesimama wima mbele yake.

Wiki hiyo hatukuwa na karatasi, na ndipo mimi na Nassor tulipoanza kusemezana kwa Kiswahili. Mambo ya nusu saa tuliyamaliza kwa nusu dakika. Kapteni aliposikia alifurahi mno. Aliona ni ufundi wake. Aliwaandikia wakubwa kuwa amebuni lugha ya siri isiyohitaji karatasi, akasifiwa. Hata karatasi mpya ilipoletwa, akaniambia niendelee na Kiswahili kwa mambo madogo. Na mimi nikapanua yale madogo. Mjue raha niliyoiona. Nilikuwa nimechekwa kwa lugha yangu tangu niliposhuka melini, na sasa lugha ile ile ndiyo fahari ya kikosi. Niliringa nayo.

Sajini Murad hakupenda. Aliniuliza kwa kile Kiarabu chake kibovu, "Wewe unawajua wote wanaosikiliza?" Nikamwambia huku milimani hakuna Mzanzibari ila mimi na Nassor. Akaenda zake kukagua bunduki.

Ruqaya, nilipofika hapa kalamu ilisimama siku nne. Nilikuwa nimeandika kifo cha Nassor kama nilivyozoea kukieleza: kwamba walivamiwa kwa bahati mbaya, kwamba alikufa upesi, kwamba alipiga shahada. Nikaisoma karatasi ile, nikaichana. Nianze upya.

Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Maji yetu yalikuwa yamebaki madebe mawili. Nilimwita Nassor nikamuuliza punda wanakuja lini na wanapita wapi. Akasema, "Ngoja kidogo, Seif, nitafute karatasi."

Nikamwambia hivi, na nayaandika maneno yenyewe kwa sababu sijapata kuyasahau hata siku moja: "Karatasi ya nini? Nani huku mlimani anajua Kiswahili? Labda yule mbuzi."

Akacheka. Akasema kesho saa moja asubuhi, njia ya mtini, na kwamba yeye mwenyewe atapanda na punda kwa kuwa ana hamu ya kuniona. Mimi nikajibu, nikatazama saa, nikaandika. Kila kitu kwa utaratibu.

Asubuhi yake tulisikia risasi kutoka upande wa mtini. Hazikuchukua muda mrefu. Tulishuka mbio, na tulipofika tulikuta punda wawili wamelala, madebe yametoboka, na maji yanatiririka baina ya mawe. Wenzetu watatu walikuwa wamekufa. Nassor alikuwa ameegemea shina la mtini, mtambo bado mgongoni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza. Nilimfumba macho kwa mkono wangu. Hayakubaki hata maji ya kumwosha uso.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, saa yetu ya kawaida ya kuwasha mtambo, nilikaa nikahesabu mpaka thelathini kama nilivyofundishwa. Nilipofika kumi na kitu, sauti ikaingia. Kiswahili cha mjini Unguja, kisafi, cha mtu aliyekulia mitaa kama yangu. Ilisema taratibu:

"Wewe wa juu, usijibu, sikiliza tu. Mwenzako alimwita Da Zuwena mara tatu. Nimeona jamaa zake wajue. Na Kiswahili chenu kiacheni, huku nako tupo tunaokijua."

Yule mtu hakurudi tena hewani, siku ile wala siku nyengine.

Vipi sikuwahi kufikiri? Tuliotoka Unguja tulitawanyika kila upande. Wengine tuliingia jeshini, wengine waliwafuata waasi milimani, kila mmoja na hasira zake. Mimi nilidhani Kiswahili kilishuka melini pamoja nami peke yangu.

Nilimwambia Sajini Murad. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua karatasi ya maneno ya siri, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati langu, akanifunga kifungo kama mtu anayemvisha mtoto. Hakunishtaki. Kwenye ripoti Kapteni aliandika kuwa ni bahati mbaya, akapata cheo, akarudi kwao. Sajini alifariki miaka mingi baadaye kwao Makrani, na siri akaenda nayo. Nimebaki nayo mimi.

Da Zuwena, kwa wasiomjua, ni dada yake Nassor. Alimzidi miaka sita. Mama yao alikufia Unguja, na yeye ndiye aliyemlea, akimwita "baba" kama tunavyowaita watoto wa kiume tunaowapenda. Mimi ndiye niliyempelekea sanduku la nguo za Nassor. Alilipokea mlangoni, hakulifungua, akaniuliza, "Seif, alisema nini mwisho?" Ningemwambia vipi bila ya kumwambia nimejuaje? Nikasema nimeambiwa na waliomfikia mwanzo kuwa alipiga shahada. Akasema alhamdulillahi, akakaa chini.

Kila Idi, tangu siku ile, nimempelekea halwa. Kila Idi amenipikia pilau, na kila Idi, tukishakula, ameniuliza tena yale maneno, si kwa shaka, kwa kutaka kuyasikia tu. Na mimi nimemjibu. Hesabuni wenyewe ni uwongo mara ngapi.

Na kuna jambo jengine nililokuwa nikilifanya, halijui hata bibi yenu, Mungu amrehemu. Kila nikikaa na wazee waliotoka Unguja, msibani, harusini, kwenye mikahawa ya Hamriya, nilikuwa nikifumba macho nisikilize sauti zao. Vita vilikwisha, watu walisameheana, waliokuwa milimani walipewa kazi na nyumba kama sisi. Huenda nimesali naye bega kwa bega. Sijui ningemfanya nini. Nadhani ningemshika mkono, maana alifanya kazi yake ya ujumbe kuliko nilivyofanya yangu. Alinipa maneno ya mtu anayekufa niyafikishe, na mimi niliyakalia umri mzima.

Jumatatu iliyopita nilikwenda Darsait, mtaa wa hapa hapa Maskati. Da Zuwena anakaa ghorofa ya pili, juu ya gereji ya kunyoosha bodi za magari. Alinifungulia Grace, msichana wa Kiganda anayemtunza, akasema, "Karibu Babu, leo Mama ameamka vizuri." Da Zuwena alikuwa kitini karibu na dirisha. Masikio yake yamekwisha sasa, na kile kifaa alichonunuliwa na watoto amekitia kwenye kopo la karafuu, anasema kinampigia filimbi. Alishangaa kuniona bila halwa.

Nilikuwa nimepanga kulisema polepole. Lakini chini nyundo zinapigwa, na yeye hasikii. Kwa hivyo lile nililolificha miaka yote hiyo ilibidi nilitangaze kwa sauti ya mnadani. Nilipiga kelele kwamba ni mimi niliyemwambia Nassor aache karatasi. Nilipiga kelele habari ya mbuzi. Nikakohoa, nikaendelea. Niliposimama kuvuta pumzi nikaona jikoni pamenyamaza, Grace amesimama na mwiko mkononi, machozi yanamtoka. Nilisahau tena kwamba kuna mwengine anayekijua Kiswahili.

Da Zuwena hakulia.

"Yeye alitaka karatasi," alisema.

"Alitaka."

"Wewe ukamkataza."

"Mimi."

"Na miaka yote hii unakula kwangu."

Ningependa kuwaandikia kwamba nilisema kitu cha maana, lakini niliangalia viatu vyangu tu, mzee mzima.

Kisha akaniuliza nini basi alichosema, kama hakikuwa kile. Nikamwambia alimwita yeye. Hakusikia. Nikarudia kwa nguvu. Safari hii alisikia, nikaona mkono wake unatafuta pa kushika, ukashika pazia. Akasema kwa miaka yote amekuwa akijiambia kuwa mtoto hakumhitaji mtu, alikufa ameshakamilika, na kwamba ilimpoza lakini pia ilimuuma, kuona hakuachiwa hata neno.

"Habari yako wewe, Seif, sijui ntakwambia nini," alisema. "Siku nyengine. Leo nipe maneno yake. Yaseme kama alivyoyasema."

Nilimwambia sikuyasikia mwenyewe, niliyapokea tu.

"Basi yaseme kama ulivyoyapokea."

Nilikaa wima. Chini nyundo zilikuwa zimenyamaza, sijui walikuwa wanakunywa chai. Sikupiga kelele tena. Nikasema, "Da Zuwena. Da Zuwena. Da Zuwena."

Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa amefumba macho, uso ameuelekeza dirishani, na safari hii, sijui kwa vipi, alisikia vizuri.

"Labeka, baba," alisema. "Nipo. Nnakuja."

Nikainua macho kutafuta saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Niliporudi nyumbani niliiandika daftarini.